Kima Punju: Hukumu Iliyotangulia Uchunguzi

Barabara itokayo mjini Zanzibar kuelekea Paje na Makunduchi hupita kando ya msitu wa Jozani, takriban kilomita 35 kusini-mashariki ya Mji Mkongwe. Hapo dereva wa daladala hulazimika kupunguza mwendo, kwa kuwa lami imewekewa matuta. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, abiria aliyekaa dirishani huweza kuwaona wanyama waliosababisha matuta hayo kujengwa: kundi la kima wenye mgongo mwekundu, mabega meusi na nywele nyeupe zilizosimama kuuzunguka uso. Hao huvuka kutoka msituni na kuingia katika mashamba ya wanavijiji, na jioni hurudi walikotoka.

Wenyeji wa Unguja humwita mnyama huyo kima punju. Neno punju lahusishwa na sumu na uganga, na jina hilo halikutolewa kwa mapenzi. Ilisemwa tangu zamani kwamba harufu yake si ya heri, kwamba mti anaoulia hufa, na kwamba mbwa amlaye hunyonyoka manyoya. Kwa mkulima, kima huyu alikuwa mwizi na mwenye nuhusi kwa pamoja. Kwa mtaalamu wa viumbe, ni mnyama asiyepatikana kiasili katika nchi nyingine yoyote duniani isipokuwa visiwa vya Zanzibar. Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile umemweka katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka.

Kati ya maneno hayo mawili, la mkulima na la mtaalamu, kuna mgogoro wa kweli. Upande mmoja ni riziki ya kaya zinazotegemea nazi, muhogo, maembe na kunde. Upande wa pili ni uhai wa mnyama ambaye akitoweka Unguja atakuwa ametoweka ulimwenguni. Daktari ajuaye kazi yake haandiki dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Mkasa wa kima punju unaonyesha yaliyotokea pale ambapo dawa iliandikwa kwanza, na vipimo vikafuata baadaye.

Daktari aliyempa jina

Jina la kitaalamu la mnyama huyu ni *Piliocolobus kirkii*. Sehemu ya pili ya jina hilo ni kumbukumbu ya John Kirk, tabibu wa Kiskoti aliyekuwa amesafiri na David Livingstone katika safari ya mto Zambezi. Kirk alifika Zanzibar mwaka 1866 akiwa daktari wa uwakilishi wa Uingereza, na baadaye akapanda cheo hadi kuwa balozi. Wasomaji wa historia humkumbuka zaidi kwa mkataba wa mwaka 1873, ambao Sultani Barghash alikubali kwao kufunga soko la watumwa la Zanzibar. Lakini Kirk alikuwa pia mkusanyaji wa mimea na wanyama, na vielelezo alivyovipeleka London ndivyo vilivyomwezesha John Edward Gray, mtaalamu wa Makumbusho ya Uingereza, kumtangaza kima huyu kwa wanasayansi mwaka 1868.

Sehemu ya kwanza ya jina ina asili ya Kigiriki, kutoka neno lenye maana ya kiumbe aliyekatwa kiungo. Sababu ni kwamba kima wa jamii hii hawana kidole gumba kamili. Mahali pake pana kibonge kidogo tu, au hapana kitu. Aliyezoea kumwona tumbili akichambua tunda kwa vidole vyake atadhani huo ni ulemavu. La hasha. Mkono usio na gumba hufanya kazi kama kulabu, na humwezesha mnyama kujiachilia kutoka tawi moja na kulinasa jingine bila kidole kukwama.

Tumbo linalofanya kazi ya ng'ombe

Ili kumwelewa kima punju, yafaa kuanza na tumbo lake. Wanyama wengi wa jamii ya kima na nyani hupendelea matunda yaliyoiva. Kima punju ni mla majani. Chakula chake kikuu ni majani machanga, machipukizi, maua na matunda mabichi. Majani ni chakula kigumu: yana nyuzinyuzi nyingi, na mengi yana kemikali ambazo mti huzitengeneza ili kujikinga na walaji.

Maumbile yamempatia mnyama huyu tumbo kubwa lenye vyumba kadhaa. Katika vyumba vya mwanzo wamo bakteria wengi mno wanaoyachachusha majani na kuyavunja kabla hayajafika katika sehemu yenye asidi. Utaratibu huo wafanana na ule wa ng'ombe na mbuzi, ingawa kima hacheui. Ndiyo maana kima punju huonekana akiwa amekaa kitako juu ya tawi kwa muda mrefu, tumbo limemtuna, kana kwamba ni mvivu. Kazi inaendelea ndani.

Tumbo hilo lina mipaka yake. Tunda lililoiva lina sukari nyingi, na sukari ikiingia ghafla katika chumba cha kuchachushia huongeza asidi kupita kiasi. Mfugaji aliyewahi kumpoteza ng'ombe baada ya kula nafaka nyingi kwa mara moja anaijua hatari hiyo. Kwa hiyo mtalii ampaye kima punju ndizi mbivu kwa huruma anaweza kuwa anamdhuru, na kwa sababu hiyohiyo embe bivu au papai bivu si vitu ambavyo mnyama huyu huvifuata shambani. Mara nyingi mwizi wa matunda mabivu ni kima mwingine, yule wa kawaida mwenye manyoya ya kijivu, ambaye huishi katika misitu hiyohiyo na wakati mwingine hutembea pamoja na kima punju.

Mkaa kama dawa

Jambo lililowashangaza zaidi watafiti katika mashamba ya jirani na Jozani lilikuwa tabia ya kima hawa kula mkaa. Huuchukua katika mabaki ya matanuri ya wachoma mkaa, katika visiki vilivyoungua, hata karibu na majiko ya watu. Mnyama huteremka, hunyakua kipande, hupanda nacho mtini na kukitafuna kwa utulivu. Watoto huonekana wakijifunza tabia hiyo kwa mama zao.

Mtaalamu wa kima Thomas Struhsaker na wenzake waliichunguza tabia hiyo na kuchapisha matokeo yao mwaka 1997. Walitaka kujua kama mkaa huo una faida yoyote ya kitabibu. Kima wa mashambani hula sana majani ya miti iliyoletwa na binadamu, hasa mkungu na mwembe. Majani hayo yana virutubisho vingi, lakini yana pia kemikali za jamii ya fenoli ambazo huweza kuzuia usagaji wa chakula au kuleta sumu. Vipimo vya maabara vilionyesha kwamba mkaa unaoliwa na kima huzishika kemikali hizo vizuri. Kwa kutumia mkaa, mnyama huweza kula jani lenye lishe na kupunguza madhara yake. Watafiti walihusisha uwezo huo na wingi mkubwa wa kima katika mashamba yale.

Wahudumu wa afya watautambua utaratibu huo mara moja. Hospitalini, mgonjwa aliyemeza baadhi ya sumu au dawa kupita kiasi huweza kupewa mkaa ulioamilishwa, yaani mkaa uliotengenezwa kwa joto kali hadi ukawa na vitundu vidogo visivyohesabika. Uso wa vitundu hivyo huzinasa chembe za sumu ndani ya utumbo kabla hazijaingia katika damu. Matibabu hayo hufaa zaidi yakitolewa mapema, hasa ndani ya saa moja hivi tangu sumu kumezwa.

Hapa hadhari inahitajika, kwa kuwa hadithi nzuri huweza kuzaa tiba mbaya. Mkaa wa jikoni si dawa ya binadamu. Haukutengenezwa kwa kipimo wala kwa usafi unaotakiwa. Hata mkaa wa hospitali haufai kwa kila sumu: haushiki madini ya chuma wala pombe, na haupaswi kutumiwa kwa mtoto aliyekunywa mafuta ya taa. Mtoto wa namna hiyo asilazimishwe kutapika, kwa sababu mafuta yakiingia mapafuni huleta madhara makubwa zaidi. Apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa, pamoja na chombo alichokunywea.

Kesi ya minazi

Shutuma nzito kuliko zote dhidi ya kima punju ilihusu minazi. Katika vijiji vinavyopakana na Jozani, kama vile Pete, mnazi ni akiba ya nyumba. Nazi huunga mchuzi, huuzwa sokoni, makuti huezeka, makumbi husokotwa kamba. Mkulima aliyewaona kima juu ya mnazi wake, na chini pametapakaa vidaka vilivyotafunwa, hakuhitaji shahidi mwingine. Aliona mavuno yake yakianguka mbele ya macho yake.

Watafiti Kirstin Siex na Thomas Struhsaker waliichukua shutuma hiyo kama ilivyo, wakaenda kuipima. Waliangalia ni nini hasa kinacholiwa, wakafuatilia minazi, wakalinganisha ulaji wa kima na mavuno ya mwisho. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1999, hayakutarajiwa na wengi. Kima hawakuwa wakila nazi zilizokomaa wala madafu. Walikuwa wakila vidaka, yaani matunda machanga kabisa. Na pale kima walipokula vidaka zaidi, mavuno ya nazi hayakupungua. Uhusiano ulioonekana ulikuwa wa mavuno kuwa mazuri zaidi.

Maelezo yake hayako mbali na ujuzi wa mkulima mwenyewe. Kila mwenye minazi anajua kwamba si kila kidaka huwa kitale, wala si kila kitale hufikia kuwa dafu, koroma na nazi. Mnazi huzaa vidaka vingi kuliko uwezo wake wa kuvilea, na vingi huanguka vyenyewe. Kima anayekula baadhi yao aweza kuwa anaondoa vile ambavyo vingeanguka, na chakula cha mti kikaelekezwa kwa vinavyobaki. Ni kazi ileile ya mkulima anayepunguza miche ya mahindi ili iliyobaki ipate nafasi.

Hata hivyo, matokeo hayo hayamaanishi kwamba mkulima alikuwa akisema uongo. Aliona jambo la kweli, ila tafsiri yake ndiyo iliyokuwa na walakini. Tena uchunguzi wa minazi haukufuta kila hasara. Kima punju hula pia machipukizi na majani ya mazao mengine, na mahali ambapo kima wamesongamana, shamba dogo huweza kuumia. Kupima vizuri ndiko kulikowezesha kutenganisha hasara iliyopo na hasara inayodhaniwa.

Nani anayelipa gharama

Swali lililobaki lilikuwa la haki. Iwapo dunia nzima inataka kima punju aendelee kuishi, kwa nini gharama ilipwe na mwenye shamba wa Pete peke yake?

Katika miaka ya 1990 Idara ya Misitu ya Zanzibar, kwa msaada wa shirika la CARE, ilianzisha mradi wa uhifadhi wa Jozani na Ghuba ya Chwaka ambao uliwashirikisha wanavijiji katika mipango na mapato. Kima waliozoea watu walikuwa kivutio kikubwa cha watalii, na wengi wa kima hao hawakuwa ndani ya msitu. Walikuwa katika mashamba ya watu binafsi kando yake. Ilionekana ni haki sehemu ya fedha za kiingilio iwarudie wakulima wenye mashamba hayo na vijiji vinavyouzunguka msitu. Mwaka 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, ya kwanza Zanzibar, yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 50. Mwaka 2016 UNESCO ikaitambua kuwa hifadhi hai ya kimataifa.

Mgao wa mapato haukumaliza manung'uniko, wala haikutarajiwa umalize. Anayestahili kulipwa, kiasi gani na kwa kipimo gani ni mambo yanayojadiliwa kila mahali ambapo wanyama na mashamba hukutana. Lakini msingi uliwekwa: mnyama aliyekuwa nuhusi sasa ana thamani inayoonekana katika mfuko wa kijiji, shule na visima. Mkulima anayepokea sehemu ya kiingilio ana sababu ya kumtazama kima kwa jicho jingine, hata kama bado hampendi.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kima punju waliobaki hawazidi elfu mbili au zaidi kidogo. Sensa iliyoongozwa na Tim Davenport wa Shirika la Uhifadhi wa Wanyamapori, iliyochapishwa mwaka 2019, ilikadiria zaidi ya 5,800. Hiyo ilikuwa habari njema, lakini haikuwa cheti cha kupona. Makundi mengi huishi nje ya mipaka ya hifadhi, katika vichaka vya maweni, mikoko na mashamba, ambako miti hukatwa kwa kuni, mkaa na ujenzi. Katika mikoko ya Uzi watafiti wamewaona kima hawa wakinywa maji mara kwa mara, jambo ambalo si la kawaida kwa mnyama apataye maji yake katika majani; chakula chenye chumvi ya mikoko huwaletea kiu. Mnyama huyu huweza kuvumilia mazingira magumu. Kuvumilia si sawa na kustawi.

Wala haikuwa rahisi kumhamishia kwingine. Mwaka 1974 kima punju 14 walipelekwa kisiwani Pemba, katika msitu wa Ngezi, kwa matumaini kwamba wangeongezeka huko. Miaka mingi baadaye idadi yao ilikuwa bado ndogo. Makazi yaliyopotea Unguja hayapatikani kwa kupakia wanyama katika jahazi.

Funzo la chui

Unguja ina sababu ya kuogopa hukumu zinazotangulia uchunguzi. Kisiwa hiki kilikuwa na chui wake, mdogo kuliko wa bara na mwenye madoa yaliyosongamana. Wengi waliamini kwamba baadhi ya chui hao walifugwa na wachawi, waliowatuma kuwadhuru majirani. Wanaanthropolojia Martin Walsh na Helle Goldman wameandika jinsi imani hiyo ilivyochangia kampeni iliyofanyika baada ya Mapinduzi ya 1964, ambamo kuwasaka wachawi na kuwaua chui vilikwenda pamoja. Kuongezeka kwa watu na kupungua kwa mapori kulizidisha ugomvi, kwa sababu chui aliyekosa paa msituni alimfuata mbuzi kijijini.

Kuanzia miaka ya 1990 wataalamu wengi wamemhesabu chui wa Unguja kuwa ametoweka. Mmoja aliyekaushwa amehifadhiwa katika makumbusho ya Zanzibar, na watoto wa shule humtazama kupitia kioo. Yawezekana kwamba hata bila imani za uchawi chui asingenusurika katika kisiwa kidogo chenye watu wengi. Lakini hakuna aliyepata nafasi ya kupima ni mbuzi wangapi hasa aliowaua, wala ni vipi hasara hiyo ingeweza kupunguzwa. Kesi ilifungwa kwa kifo cha mshitakiwa.

Gari limechukua nafasi ya chui

Kima punju amempoteza adui wake wa asili na kupata mwingine. Barabara ya Jozani ilipowekwa lami katikati ya miaka ya 1990, magari yaliongeza mwendo, na kima waliokuwa wakivuka kati ya msitu na mashamba wakaanza kugongwa. Iliripotiwa kwamba kima mmoja aliuawa kila baada ya wiki 2 hadi 3. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa ya gharama nafuu: matuta. Vifo vilipungua hadi wastani wa kima mmoja katika wiki 6.

Wahudumu wa idara za dharura hawatashangazwa na matokeo hayo. Kanuni inayomwokoa kima ndiyo inayomwokoa mtoto anayevuka kwenda shule: nguvu ya mgongano huongezeka kwa mraba wa mwendo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa lina nishati mara nne ya lile linalokwenda kilomita 40. Tuta moja la lami hutibu wanyama na watu kwa pamoja, na kabla hawajaumia.

Hata hivyo kifo kimoja kwa wiki 6 bado ni kikubwa kwa mnyama ambaye jike wake huzaa mtoto mmoja tu kwa wakati, na hupita takriban miaka miwili kabla ya kuzaa tena. Tena chui huwinda zaidi aliye dhaifu, mzee au mgonjwa. Gari halichagui. Linaweza kumuua jike mwenye nguvu zake, ambaye angezaa kwa miaka mingi ijayo.

Maradhi yavukayo mipaka

Liko jambo jingine ambalo chuo cha tiba hakiwezi kulinyamazia. Mtalii anayesimama hatua moja kutoka kwa kima ili apigwe picha hubeba pumzi yake. Kwa kawaida watu huogopa maradhi yatokayo kwa wanyama, na wana haki ya kuogopa. Lakini njia hiyo ina pande mbili, na mara nyingi binadamu ndiye aletaye ugonjwa.

Mfano wa karibu uko Mahale, katika mwambao wa Ziwa Tanganyika. Mwaka 2006 sokwe wa hifadhi hiyo walipatwa na mlipuko wa ugonjwa wa njia ya hewa ulioua baadhi yao, na uchunguzi uligundua kirusi chenye uhusiano na kile kinacholeta mafua na homa ya mapafu kwa binadamu. Mfano mwingine uko Bwindi, Uganda. Mwaka 1996 daktari wa wanyama Gladys Kalema-Zikusoka aliwakuta gorila wa milimani wakinyonyoka manyoya na kujikuna. Ulikuwa upele, ugonjwa wa ngozi ambao ulikuwa umeenea katika jamii za watu waishio jirani. Mtoto mmoja wa gorila alikufa. Waliosalia walipona baada ya kutibiwa.

Alichojifunza Dkt. Kalema-Zikusoka ni kwamba haiwezekani kuwalinda gorila wenye afya katikati ya vijiji visivyo na huduma ya afya. Mwaka 2003 akaanzisha shirika linalounganisha uhifadhi na afya ya jamii, likihudumia watu na wanyama kama wakazi wa mtaa mmoja. Fikra hiyo, ambayo leo huitwa Afya Moja, inaihusu Unguja moja kwa moja. Pete, Ukongoroni na Charawe ni vijiji ambamo watu, mbuzi, mbwa na kima hutumia kivuli cha mwembe mmoja. Mtoto anayetibiwa kikohozi, mbwa anayechanjwa dhidi ya kichaa na taka zinazozikwa vizuri ni sehemu za kazi moja.

Yanayompasa kila mmoja

Kutokana na hayo yote, yapo mambo machache ambayo mwenyeji, mgeni na mhudumu wa afya wanaweza kuyazingatia.

Kwanza, kima asilishwe kitu chochote. Ndizi humdhuru tumbo, na mazoea ya kupewa chakula humfundisha kumvamia mtu.

Pili, mgeni akae mbali naye. Kwa gorila wa Uganda na Rwanda kanuni ya siku nyingi ilikuwa mita 7, na mwenye mafua au kikohozi haruhusiwi kuwafikia. Kipimo hicho ni mwongozo mzuri hata Jozani, hata kama kima mwenyewe ndiye asogeaye.

Tatu, aliyeng'atwa au kukwaruzwa na kima, mbwa au mnyama mwingine yeyote aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa huzuilika kwa chanjo baada ya kung'atwa. Dalili zikishaanza, karibu hakitibiki.

Nne, dereva aheshimu matuta, na apunguze mwendo hata kabla ya kuyafikia.

Tano, mkulima apatapo hasara aiandike: zao gani, lini, kiasi gani, na mnyama gani aliyeonekana. Manung'uniko husahauliwa, na daftari hudumu hata siku ya kudai haki.

Kima punju hajaepuka hatari bado, na mkulima wa Jozani hajalipwa kila anachostahili. Lakini tofauti kati ya kima huyu na chui wa makumbushoni ni kwamba kwa kima walipatikana watu waliokaa chini ya mnazi wakahesabu vidaka. Jioni, jua linapoelekea Ghuba ya Menai, kundi huvuka tena barabara kurudi msituni. Daladala husimama kwenye tuta. Mama wa mwisho hupita, mwanawe ameshikilia tumbo lake, na gari huendelea na safari.